Nani Atalipa Mwaka wa Ishirini? Kisa cha Maktaba ya McMillan, Kikisomwa Kutoka Kisumu

Maktaba ya McMillan iko katikati ya Nairobi, mtaa wa Banda, hatua chache tu kutoka Msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa mwaka 1931. Ilikuwa zawadi ya mjane kwa kumbukumbu ya mumewe, na kwa zaidi ya robo karne wananchi walio wengi hawakuruhusiwa kuvuka kizingiti chake. Leo iko mikononi mwa kaunti, mlango u wazi kwa kila mtu, na jina la yule mume liko palepale. Nataka kuipitia zawadi hiyo kipande kwa kipande: nani alitoa, alitoa nini, masharti yalikuwa yapi, nani alilipa baadaye, na yote hayo yalimfikishaje msomaji.

Sababu ya kuipitia kutoka Kisumu ni hii. Familia moja ya uwanda wa Kano, upande wa Ahero, imempoteza baba yao, mzee aliyekuwa akinunua mpunga kwa wakulima na kuuza mchele mjini. Watoto wake wamekubaliana kwamba pesa ambazo zingeishia kwenye kaburi la marumaru na sherehe ya kumbukumbu zijenge maktaba. Sisi wachache tunaoshughulika na usomaji hapa mjini tukaletewa rasimu ya barua ya zawadi tuitolee maoni. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilitaja kipande cha shamba kando ya barabara, ramani ya jengo la vyumba viwili na ukumbi, na jina litakaloandikwa juu ya mlango. Mengine yote yalifungiwa katika sentensi moja: serikali ya kaunti itaendesha.

Hitaji lipo, hilo halina ubishi. Mtoto wa sekondari ya kutwa anayelala chumba kimoja na wadogo zake hana pa kudurusu jua likizama. Kuja Kisumu kutafuta kiti na meza ni nauli ya kwenda na kurudi, na nauli hiyo ndiyo unga wa jioni. Kwa hiyo familia hii haioti ndoto ya anasa. Wasiwasi wangu ulikuwa kwenye ile sentensi moja, na nilipotafuta mfano wa kuwaonyesha uzito wake, McMillan ndiyo iliyonijia kwanza.

Aliyetoa

William Northrup McMillan alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1872, katika familia iliyotajirika kwa viwanda vya mabehewa ya reli. Alifika Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya ishirini, akajipatia ardhi kubwa Juja na kuzunguka Ol Donyo Sabuk, mlima ambao wengi wetu tunauita Kilimambogo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ndiyo kwanza ametoka kwenye urais wa Marekani, alikaribishwa Juja alipokuja kuwinda. McMillan alitumika upande wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akatunukiwa cheo cha heshima akawa Sir Northrup. Alifia Nice, Ufaransa, mwaka 1925. Mwili wake ulirudishwa Kenya ukazikwa kwenye mteremko wa mlima ule.

Mjane wake, Lucie, ndiye aliyesimama na wazo la maktaba, na napenda apewe haki yake. Walowezi wengi wa wakati ule walikumbukwa kwa majina ya barabara, na barabara hubadilishwa jina siku moja kwa tangazo la serikali. Yeye alichagua vitabu. Pesa za familia zilitoka, na Carnegie Corporation ya New York, mfuko ulioanzishwa na tajiri wa chuma Andrew Carnegie mwaka 1911, ukachangia. Mfuko huo ulikuwa umeanza kuangalia hali ya maktaba katika makoloni ya Uingereza barani Afrika. Mwaka 1928 ulituma wakutubi wawili wenye uzoefu, Milton Ferguson kutoka California na S. A. Pitt kutoka Glasgow, wakague maktaba za Afrika Kusini, Rhodesia na Kenya.

Jengo lilijengwa kwa nia ya kudumu. Lina nguzo ndefu za graniti na ngazi pana, na simba wa mawe wamelala pande zote mbili za mlango. Ndani kuna magazeti yaliyojalidiwa ya tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, hazina ambayo mwanahistoria yeyote wa nchi hii angelia ikipotea.

Sasa masharti. Maktaba hiyo ilikusudiwa Wazungu. Fikiria kijana aliyesoma Maseno, shule iliyoanzishwa mwaka 1906, akapanda gari moshi Kisumu, mji ambao reli iliufikia mwaka 1901, akaenda kuajiriwa karani Nairobi. Kiingereza anakijua. Barua za ofisi nzima anaziandika yeye. Kitabu chochote kwenye rafu zile angeweza kukisoma kwa raha. Mlangoni angerudishwa. Mhindi mwenye duka mtaa wa pili angerudishwa vilevile, hata kama ushuru wake ulichangia barabara iliyopita mbele ya simba wale.

Huenda mtu akasema zama zile ndivyo zilivyokuwa, na mjane hakuwa na la kufanya. Sikubaliani. Nitaonyesha hapa chini mtu aliyetoa maktaba karibu miaka hamsini kabla yake, katika jiji lililojaa ubaguzi, akaandika kinyume kabisa. Sharti la mlango ni uamuzi wa mtoaji. Akiliandika vibaya, vizazi vitalibeba.

Sheria iliyofunga na kulinda

Mwaka 1938 serikali ya koloni ilitunga sheria maalum kwa ajili ya maktaba hii. Bado imo katika vitabu vya sheria vya Kenya, Sura ya 217, na mara nyingi McMillan hutajwa kuwa jengo pekee nchini lenye sheria yake lenyewe ya bunge. Hapa ndipo kisa kinaponigusa zaidi, kwa kuwa sheria hiyo ilifanya mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kwanza, iliipa zawadi nguvu ya serikali. Kile ambacho kilikuwa matakwa ya familia kikawa kitu ambacho karani wa mji hawezi kukipuuza na diwani hawezi kukigeuza kwa kura ya mchana mmoja. Zawadi iliyokusudiwa wachache, ikizungushiwa ukuta wa namna hiyo, inakuwa ngumu kufunguliwa. Waafrika walianza kuruhusiwa miaka michache tu kabla ya Uhuru, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Baraza la Jiji la Nairobi likaichukua. Hesabu mwenyewe: mtoto wa Kiafrika aliyezaliwa mwaka ule maktaba ilipofunguliwa alikuwa mtu mzima mwenye familia yake alipopata ruhusa ya kuingia.

Pili, sheria ileile iliulinda uwanja. Kiwanja cha McMillan ni cha thamani kubwa, katikati kabisa ya jiji. Kila Mkenya anajua yaliyovipata viwanja vya umma katika miaka ya 1980 na 1990: bustani, viwanja vya michezo, ardhi za shule, nyumba za serikali, vyote viligawiwa watu binafsi. Tume ya Ndung'u ilipotoa ripoti yake mwaka 2004, orodha ya ardhi ya umma iliyonyakuliwa ilijaza majuzuu. McMillan haikunyakuliwa. Nina imani kuwa sheria yake ilikuwa sehemu kubwa ya kinga hiyo, kwa sababu mnyakuzi hupenda hati dhaifu, na hapa angelazimika kupambana na bunge.

Kwa hiyo siwezi kuwaambia watu wa Ahero kwamba masharti makali ni mabaya. Ukali ni kinga. Wanachopaswa kuchagua ni kitu gani kiwekewe ukali. Hati inaweza kukaza uzi kwenye ardhi na kwenye haki ya kila mtu kuingia, ikaacha kulegea jina, ramani, saa za kufungua na aina ya vitabu. McMillan ilikaza jina na mlango. Mlango ulikazwa kwa upande usiofaa.

Waliolipa baadaye

Baraza la jiji lilipochukua maktaba, lilichukua pia mishahara, paa, mabomba na vumbi. Chini ya mwavuli wa McMillan yakaingia matawi mawili ya mitaa ya Eastlands, Kaloleni na Makadara. Kaloleni ni jina ambalo mtu wa Kisumu hulijua bila kwenda Nairobi, maana nasi tuna Kaloleni yetu, na Nakuru wana yao. Kwenye miji yote mitatu ni mitaa ya watu wa kawaida, na huko ndiko maktaba inakohitajika kuliko penye nguzo za graniti.

Miongo iliyofuata haikuwa ya fahari. Bajeti ya jiji ilikuwa na vilio vingi vyenye sauti kubwa kuliko ya vitabu. Majengo yalichakaa, vitabu vikazeeka, na matawi ya Eastlands yakawa mahali ambapo mwanafunzi anakuja na kitabu chake mwenyewe kwa sababu kiti kipo. Hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa kwa hilo. Zawadi ya 1931 ilikuwa zawadi ya mawe. Haikuja na mfuko mkubwa wa kutosha kuiendesha milele, na baraza lililoirithi halikuwahi kufungwa na ahadi ya kiasi fulani kila mwaka. Kila bajeti ilianza upya, na kila mara maktaba ilipiga foleni nyuma ya takataka, maji na barabara.

Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, na mwaka 2018 wakaingia katika ushirikiano na Kaunti ya Jiji la Nairobi wa kuzikarabati maktaba hizo tatu. Hatua yao ninayoipenda zaidi ni kwamba walitangulia matawi. Kaloleni na Makadara ndizo zilizokarabatiwa na kufunguliwa kwanza, na jengo la simba likasubiri. Mfadhili anayetaka picha nzuri angeanza na nguzo. Wao walianza na watoto waliokuwa wakitembea kwa miguu kutoka nyumbani.

Ukiitazama kwa makini, hiyo ni zawadi ya pili juu ya ile ya kwanza. Inakusanya pesa kwa wahisani wa leo, inaleta ujuzi wa kuratibu, kuorodhesha na kuhifadhi, na umiliki unabaki kwa umma. Hakuna jina jipya lililopigiliwa juu ya la zamani. Kazi ya Book Bunk imerudisha heshima ya maktaba hizo kwa namna ambayo mawe peke yake yalishindwa.

Baltimore, 1882

Nilisema kuna aliyeandika kinyume. Ni Enoch Pratt, mfanyabiashara wa vifaa vya chuma wa Baltimore, Marekani. Mwaka 1882 aliliendea jiji lake na pendekezo ambalo nawaomba wana-Kano walisome polepole. Angejenga maktaba kuu, na angeongeza mfuko wa dola 833,333 na senti 33, ili jumla ya zawadi ipite dola milioni moja. Kwa upande wake jiji lingejifunga kuilipa maktaba dola 50,000 kila mwaka, bila mwisho. Jambo hilo lilipelekwa kwa wapiga kura, wakakubali. Maktaba ikafunguliwa mwaka 1886, pamoja na matawi manne ndani ya mwaka huohuo. Akasema wazi kwamba ni ya wote, matajiri na maskini, bila kutofautisha asili wala rangi.

Angalia mpangilio wa pesa. Sehemu kubwa ya zawadi ilikwenda kwenye mfuko, mawe yakapata sehemu ndogo. Na ahadi ya jiji ilitangulia makabidhiano. Pratt hakusema serikali itaendesha. Aliuliza kwa kiasi gani, hadi lini, na saini ya nani, na hakutoa hundi mpaka apate jibu.

Kuna mkia wa hadithi hii ambao ninaupenda kuliko hadithi yenyewe. Msomaji Mweusi aliruhusiwa kuingia tangu mwanzo, lakini kufanya kazi pale kulikuwa jambo lingine. Katika miaka ya 1940 Louise Kerr, mwanamke Mweusi wa Baltimore, aliomba nafasi katika darasa la maktaba la kufunza wakutubi, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Maktaba ikajitetea mahakamani kwamba ni shirika la binafsi, lenye bodi yake na hati yake ya zawadi, kwa hiyo katiba haiwabani. Mwaka 1945 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ikaukataa utetezi huo. Ilitazama ni nani anayelipa gharama za kila mwaka na jiji lina mkono gani katika mambo ya maktaba, ikaamua kwamba chombo kinachoishi kwa pesa za umma ni cha umma, na hakiwezi kubagua.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali lililokuwa likinisumbua kuhusu McMillan. Kinachoipa jamii sauti ndani ya maktaba ni malipo ya kila mwaka, zaidi ya mawe ya mwaka wa kwanza. Mwananchi anayelipa anaweza kudai. Aliyepewa tu hushukuru, na mwenye kushukuru huona haya kuuliza kwa nini mlango umefungwa saa tisa alasiri.

Carnegie mwenyewe alilijua hili. Kati ya 1883 na 1929 pesa zake zilijenga maktaba 2,509 duniani, nyingi Marekani na Uingereza, na sharti lake lilikuwa fupi: mji utoe kiwanja, na mji uahidi kila mwaka asilimia kumi ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuendesha. Kuna miji iliyokataa, mingine kwa kuogopa kodi, mingine kwa uchungu wa wafanyakazi waliokufa katika mgomo wa Homestead mwaka 1892, kwenye kiwanda chake cha chuma. Naheshimu uchungu huo. Hata hivyo kanuni ya asilimia kumi ni nzuri, na inafaa kuchukuliwa bila kumchukua mwenyewe.

Hesabu za Ahero

Tuseme familia ina shilingi milioni sita. Rasimu yao ilizipeleka zote kwenye jengo. Kwa kanuni ya asilimia kumi, jengo la milioni sita linahitaji shilingi 600,000 kwa mwaka, yaani 50,000 kwa mwezi. Katika hizo mpe mkutubi mmoja mshahara wa heshima, mlipe mlinzi wa usiku, nunua tokeni za stima, lipia maji, na utaona kwamba hakuna shilingi iliyobaki ya kitabu kipya.

Nani ataleta hizo 600,000? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, katika orodha moja na makumbusho, sinema na leseni za pombe. Ni sawa kisheria kusema kaunti itaendesha. Lakini tazama jinsi bajeti ya kaunti inavyofungwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 iende kwenye maendeleo, na kanuni zake zinataka mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Jengo huhesabiwa upande wa maendeleo. Mkutubi huhesabiwa upande wa mishahara. Kaunti yoyote, Kisumu, Nakuru, Kakamega au Vihiga, ina sababu nzuri ya kulipokea jengo kwa shangwe na sababu nzuri vilevile ya kuchelewa kumwajiri mtu wa kulifungua. Watu wakishangaa kwa nini vijiji vina zahanati na kumbi zenye kufuli, wasitafute uchawi. Ni hesabu hiyo.

Kuna na kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Maktaba ikikatiwa utepe Disemba, watoto wote wakiwa nyumbani kwa sikukuu, na haikutajwa kwenye mpango wala makadirio, mwaka mzima wa fedha unaweza kupita bila senti. Kwa hiyo barua ya familia isiende kwa gavana peke yake na mpiga picha. Iende kwenye vikao vya maoni ya wananchi, MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, aisimamie, iingie kwenye vitabu kabla ya fundi kuchimba msingi. Na pesa za hisani zinazopitia kaunti zina utaratibu wake wa kuandikishwa katika sheria ileile ya 2012. Utaratibu huo ufuatwe, hata ukichosha.

Ndipo tukawaambia wagawe. Jengo la milioni nne, chumba kimoja kikubwa badala ya viwili na ukumbi. Milioni mbili ziwe mfuko. Zikiwekwa kwenye hati fungani za serikali, tuseme kwa riba ya asilimia 12, zitaleta shilingi 240,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Asilimia kumi ya jengo la milioni nne ni 400,000. Pengo ni 160,000. Kiasi hicho kaunti inaweza kukiahidi kwa maandishi bila kutetemeka, na kisipokuja, jamii inaweza kukitafuta kwa harambee moja ya mwaka. Pengo la 600,000 lingemchosha kila mtu ifikapo mwaka wa pili.

Kaka mkubwa wa familia hakufurahi. Alisema baba yake alikuwa mtu mkubwa na chumba kimoja ni kidogo kwa jina lake. Nilimwelewa, na sikumbishia kwa haraka. Mwenye jibu zuri kuliko langu alikuwa dada yao, mwalimu wa shule ya msingi: "Kaka, baba alikuwa akifungua duka saa kumi na mbili asubuhi kila siku ya Mungu. Sasa tumjengee nyumba ya kufungwa?" Kaka alinyamaza, kisha akaomba karatasi ya hesabu.

Mambo ya sakafu yalichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na ni haki. Kano hufurika. Mto Nyando ukivimba, maji huingia majumbani na madarasani, na karatasi haisamehe. Msingi uinuliwe, rafu ya chini ianze juu ya goti, na jengo lenyewe lisogezwe mbali na mkondo hata kama barabara itakuwa mbali kidogo. Fundi alisema kuinua msingi kutaongeza gharama. Tukakubaliana gharama hiyo itoke kwenye kigae na marumaru za mbele, isiguse mfuko.

Hati mpya

Rasimu ya pili ina kurasa tano. Ardhi itashikwa na wadhamini waliosajiliwa chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 164, ili mdhamini mmoja akifa au akihama jambo lisianze upya. Wadhamini watakuwa wa familia, wa jamii na wa kaunti, na hakuna upande utakaokuwa na wingi wa kura peke yake. Ardhi haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani wala kukodishwa kwa kazi nyingine. Mlango uko wazi kwa mtu yeyote, wa ukoo wowote, kata yoyote, dini yoyote, mkazi au mpita njia. Kusoma ndani ni bure. Hayo yamekazwa.

Yaliyoachwa yalegee ni mengi zaidi. Wadhamini wanaweza kubadilisha saa, kuongeza kompyuta, kuondoa rafu, kujenga chumba cha pili siku pesa zikipatikana, na hata kuingia mkataba na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ili vitabu vizunguke. Jina la mzee litakaa juu ya mlango. Wakija wafadhili wengine majina yao yataandikwa ndani, kwenye ukuta mmoja, kwa herufi za ukubwa uleule. Kipengele hicho kilipendekezwa na yule kaka mkubwa, na nadhani ni kizuri kuliko chochote tulichoandika sisi.

Kaunti nayo imewekewa ukurasa wake: kiasi cha kila mwaka, mwezi wa kulipa, na kwamba ikishindwa miaka miwili mfululizo, uendeshaji unarudi kwa wadhamini na kaunti haina dai juu ya jengo. Ukurasa huo haujatiwa saini. Afisa aliyeupokea aliuliza maswali mazuri kuhusu mlinzi na bima, na akasema utapelekwa kwa wakili wa kaunti.

Kabla ya yote hayo kuna jambo ambalo rasimu ya kwanza haikuligusa kabisa. Shamba bado limeandikwa jina la marehemu. Kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, watoto hawawezi kutoa kipande cha mali ya baba yao, hata kwa jambo jema kama hili, mpaka mahakama iwateue wasimamizi wa mirathi na kuthibitisha mgawo. Kugusa mali mapema ni kosa la jinai, na zawadi yenyewe ingekuwa batili, tayari kwa mjukuu mwenye hasira kuipinga baada ya miaka kumi. Baada ya uthibitisho, na kwa kuwa ni ardhi ya kilimo, kutahitajika kibali cha bodi ya ardhi. Mama yao, ambaye mpaka hapo alikuwa akisikiliza tu, ametia saini karatasi za mirathi kwanza, na watoto wakafuata mmoja baada ya mwingine. Ombi limeshawasilishwa mahakamani Kisumu, na fundi ameambiwa asubiri.